Beti Hamsini za Pantoni ya Kigamboni

Nilipokuwa Kidato cha Tano katika shule moja ya sekondari jijini Dar es Salaam, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ambayo mpaka leo naihesabu kuwa ndiyo iliyonifundisha kuandika, kuliko masomo yote niliyoyafuata baadaye. Kila mwanafunzi alitakiwa kutunga utenzi wa beti hamsini kuhusu jambo moja la mtaani kwao, jambo linaloonekana kwa macho na ambalo mtu anaweza kuwauliza wengine habari zake, kisha aughani mbele ya darasa mwisho wa muhula. Mada tulizozizoea alizikataa tangu mwanzo. Hakutaka umuhimu wa elimu, hakutaka rushwa, hakutaka mapenzi wala maonyo kwa vijana, kwa sababu, alisema, mambo hayo kila mmoja wetu angeweza kuyaandika akiwa amefumba macho.

Ili uzito wa kazi hiyo ueleweke, ni lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tumelelewa kimaandishi. Katika sekondari zetu masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na somo la Kiswahili lilikuwa ndilo pekee ambamo tuliandika kwa lugha tunayoisema nyumbani. Hata hivyo, ndani ya somo hilo hatukuwa watungaji, tulikuwa wahakiki. Tulijua kutenganisha fani na maudhui, tulijua kutaja dhamira, ujumbe na falsafa ya mshairi, na tulijua kuandika insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho kwa kufuata kielelezo ambacho wanafunzi waliotutangulia walikuwa wametuachia katika madaftari yao. Mtu angeweza kupata alama za juu kwa kueleza kuwa shairi fulani lina urari wa vina na mizani bila yeye mwenyewe kuwahi kutunga mshororo mmoja. Mwalimu alilijua hilo, na nadhani lilimuuma.

Kanuni za utenzi ni chache, na mtu anayezisikia kwa mara ya kwanza anaweza kuziona nyepesi. Ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una mizani nane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya kwanza hufanana kina cha mwisho, na mshororo wa nne hubeba kina cha bahari, ambacho hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Herufi m inayosimama peke yake huhesabiwa, kwa hiyo neno mvuvi lina mizani tatu, na taa ina mbili. Juu ya kanuni hizo za wazee, mwalimu aliongeza zake mbili. Ya kwanza ilihusu vina. Kwa kuwa vitenzi vyetu vingi huishia na a, na kauli ya kutendwa hutupa wa bila jasho, na mahali popote panaweza kupewa ni, mwanafunzi anaweza kupanga vina kutwa nzima bila kufikiri. Kwa hiyo alitutaka katika kila ubeti vina vitatu vya mwanzo visitoke katika aina moja ya neno. Ya pili ilihusu uhuru wa mshairi. Inkisari na mazida, yaani kufupisha na kurefusha maneno ili mizani itimie, hakuvikataza, ila aliyetumia sharti aandike pembeni sababu ya kufanya hivyo, na jibu la kwamba mizani zilipungua hakulikubali.

Mimi nilichagua pantoni. Tulikuwa tukiishi Kigamboni, na hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, wakati ambapo mtu wa Kigamboni aliyetaka kufika mjini alikuwa na njia mbili tu: avuke maji kwa pantoni hadi Magogoni, au azunguke kwa gari kupitia Kongowe na Mbagala. Nilivuka kila siku ya shule. Niliamini kwamba hakuna jambo nililolijua vizuri zaidi kuliko lile, na kwa kina cha bahari nikachagua ri, kwa sababu bahari, safari, bandari, habari na hatari zote zilikuwa zimenisubiri hapo hapo.

Huu ndio uliokuwa ubeti wangu wa kwanza:

Kweli hakika jamani
Napanda mie chomboni
Nikitoka Kigamboni
Kuvuka yetu bahari

Mizani zimetimia zote. Vina vipo. Mwalimu aliurudisha akiwa amepiga mstari mwekundu chini ya mshororo wote wa kwanza, chini ya neno mie, na chini ya neno yetu. Pembeni aliandika hesabu tu: kati ya mizani 32 za ubeti huu, 12 hazina mzigo. Nilirudi kwenye ubeti nikaanza kukagua, nikaona kuwa ni kweli. Na- ya napanda ilikwisha kumtaja mpandaji, kwa hiyo mie hakuwa na kazi. Hakuna aliyedhani kuwa bahari ya Kigamboni ni ya watu wengine, kwa hiyo yetu haikuongeza kitu. Ama kweli, hakika na jamani, hayo yalikuwa kama kokoto ndani ya gunia la mchele: yanaongeza uzito kwenye mizani ya muuzaji, lakini hayaliki.

Jaribio langu la kurekebisha lilikuwa lile ambalo nadhani kila mwandishi mchanga hulifanya, yaani kutafuta maneno mengine. Nilifungua kamusi, nikaokota maneno mazito ya pwani ambayo sikuwahi kuyasikia yakisemwa na mtu yeyote pale Feri, yaani kwenye gati la Magogoni, nikayapanga mahali pa yale yaliyofutwa. Mwalimu safari hii hakupiga mstari popote. Aliandika swali moja, ambalo baadaye lilijirudia pembeni mwa karibu kila ukurasa wangu: Umeiona?

Ilinichukua muda kuelewa kuwa swali hilo na ile hesabu ya mizani zisizo na mzigo vilikuwa jambo lilelile. Pale nilipokuwa na mizani tano za maana na tatu tupu, kilichopungua hakikuwa msamiati. Kilichopungua ni ujuzi wangu wa jambo lenyewe. Nilivuka na pantoni kila siku, lakini nilivuka nikiwa nimeshika daftari, nikiwaza mtihani, au nikipiga soga na wenzangu. Sikujua mlango wa chuma unashushwa na nani. Sikujua kwa nini siku nyingine magari hupanda kwa urahisi na siku nyingine hukwaruza chini. Nilijua kwamba kuna pantoni, na hilo lilitosha kujaza mizani 20 tu.

Nikaanza kuuliza. Kwa baharia mmoja wa makamo aliyekuwa akisimama karibu na mlango nilijifunza kuhusu maji. Alinieleza kuwa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwamba yakipwa sana gati hubaki juu, mlango wa pantoni huning'inia kwa mteremko mkali, na dereva asiyezoea hukwangua sehemu ya chini ya gari lake. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo na kazi huwa nyepesi. Jambo hilo nilikuwa nimelipita kwa miguu yangu mwenyewe nisilione. Kwa mama mmoja aliyekuwa akivuka kabla ya jua kuchomoza kwenda kununua samaki Feri na kurudi kuwakaanga Kigamboni, nilijifunza mengine. Nilimwamkia, nikamweleza kuwa nina kazi ya shule, akanitazama kwa mashaka kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu, uliza, lakini tembea huku unauliza, maana samaki hawanisubiri." Nikatembea naye. Niliona kwamba ndoo ya samaki wabichi iliyobebwa kichwani huvuja maji nyuma, na kwamba wanawake wale hujipanga ili asiwepo mtu wa kumwagikiwa. Wakati huo, watu katika foleni walikuwa bado wakizungumzia nauli, iliyopanda mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200, na mama yule alinihesabia vidole vyake kunionyesha ni vibua wangapi sasa wanakwenda kwa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajapata faida ya kwake.

Ubeti wa kwanza, baada ya hayo yote, ukawa hivi:

Mlango umeinama
Ndoo kichwani kwa mama
Maji yadondoka nyuma
Vibua vya alfajiri

Sidai kuwa ni ubeti mkubwa. Ninachokiona ndani yake ni kwamba hakuna neno ninaloweza kulitoa. Vina vyake vitatu vimetoka kwenye kitenzi, nomino na kielezi, na havikunisumbua hata kidogo, kwa sababu vilikuwapo tayari pale gatini: mlango ulikuwa umeinama, mama alikuwapo, na maji yalidondoka nyuma. Hata neno pantoni halimo, na darasani hakuna aliyeuliza ni chombo gani kinachozungumzwa.

Kina cha bahari nacho kilinipa funzo lake. Yale maneno ya ri niliyoyadhani kuwa hazina yaliisha kabla sijafika nusu ya kazi, kwa kuwa bahari na safari haziwezi kuhitimisha kila ubeti bila msikilizaji kuchoka. Ilibidi nirudi Feri nikiwa na sikio lililofunguka kwa silabi moja. Nikaanza kuona vitu ambavyo nisingeviona: askari wa getini, msumari uliochomoza kwenye ubao na kurarua suruali za watu, wapagazi wenye magunia ya sukari, magari yaliyopangwa kwa sentimita, na zaidi ya vyote, kule kusubiri ambako ndiko hasa maisha ya mtu wa Kigamboni wa zama zile yalikokuwa. Kanuni ambayo kwa nje ilikuwa kifungo ndiyo iliyonipeleka mahali ambapo akili yangu isingekwenda kwa hiari. Wazo langu la kwanza halikuishia na ri, basi ilinibidi niwe na la pili, na mara nyingi la pili lilikuwa la kweli zaidi.

Sehemu iliyonigharimu kuliko zote ilitoka kwa Bibi, mama yake mama, ambaye amekaa Kigamboni tangu usichana wake. Alinisimulia usiku ambao dada yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, chombo kikubwa kikiwa kimekwisha kulala, na wakamvusha kwa mtumbwi wa mvuvi kwenda mjini. Bibi ndiye aliyeshika kandili. Katikati ya maji upepo ukaizima, na mvuvi akamwambia asihangaike kuiwasha, atazame tu taa za bandari na amwambie zinakwenda upande gani. Ndivyo walivyofika. Nilipotunga ubeti wa tukio hilo nilijaza hofu: giza la kutisha, mawimbi makali, moyo ukidunda. Nikamsomea Bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, sikukwambia usiku ulitisha. Nilikwambia kandili ilizimika."

Sikumbuki maneno mengine ya mtu yeyote kuhusu uandishi ambayo yamenikaa kama hayo. Bibi hakuwahi kukaa katika darasa la fasihi, lakini alijua tofauti ya kusimulia jambo na kulipamba, na alilitaka jambo lake lirudishwe kama alivyolitoa. Nilifuta ubeti wote, nikaandika huu:

Mtumbwi ulipovuka
Kandili ikazimika
Bibi akatoa shaka
Mbele taa za bandari

Nilipomsomea, aliukubali, ila alinifundisha pia namna ya kuughani. Hapo ndipo nilipogundua kuwa sikio hutambua upungufu kabla ya jicho. Mshororo wenye mizani tisa ukiandikwa hauonekani kasoro yake. Ukighaniwa, sauti hujikwaa, na kila aliyeketi pale hugeuza kichwa. Siku ya kuwasilisha darasani tulisikia wenyewe, mmoja baada ya mwingine, mahali tulipojikwaa, wala mwalimu hakuhitaji kusema neno. Mwenzetu wa Tandale aliyetunga kuhusu mtaro unaofurika mtaani kwao alighani ubeti mmoja kuhusu viatu vya watoto vikielea, na darasa zima likanyamaza. Yule wa Kariakoo, aliyekuwa hodari kuliko sisi sote katika kuhakiki, alipata taabu kubwa, kwa sababu alikuwa amesoma sana kuhusu soko na hakuwa amekaa sokoni. Ninamtaja kwa heshima; mwisho wa mwaka alikuwa ameuandika upya wote, na ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Nilipofika Chuo Kikuu nilikuta kwamba vina na mizani vimekuwa uwanja wa mapambano makali. Upande mmoja kulikuwa na kina Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi na baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Upande wa pili kulikuwa na kina Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya mwaka 1974 ilikuwa na mashairi yasiyofungwa na urari huo, na ikawasha mjadala uliodumu miaka mingi. Wenzangu walichukua pande. Mimi sikuona sababu ya kukanusha upande wowote, kwa maana nimesoma mashairi huru yaliyonitikisa, na nimesoma tungo zenye mizani kamili ambazo hazina uhai. Ila nikiulizwa ni kipi kinachomfaa mwanafunzi anayeanza, jibu langu ni moja: apewe mizani. Asiye na mpaka haoni mahali anapojaza hewa. Mwenye mizani nane huona mara moja, kwa kuwa kila neno tupu limekalia nafasi ya neno jingine, na hesabu hiyo haibishaniki.

Siku hizi siandiki tenzi. Kazi yangu ni kuandika na kuhariri maelezo ya kawaida, taarifa na makala, na huko ndiko ninakoliona deni langu kwa ile kazi ya shule. Nathari yetu ya Kiswahili, hasa ya maofisini, imejaa vile vile vijazio vya mizani ingawa hakuna mizani ya kujazwa: kwa namna moja ama nyingine, katika suala zima la, ni ukweli usiopingika kwamba, ikumbukwe kuwa, kwa kiasi kikubwa. Mtu anaweza kuandika aya nzima ambayo ukiyatoa hayo hubaki na jina la mkutano na tarehe. Ninapokutana nayo katika maandishi yangu, sitafuti tena neno zuri zaidi la kuweka mahali pake. Ninajiuliza ni kitu gani sikukijua nilipofika pale, kisha nanyanyua simu au navaa viatu. Mara nyingi nikirudi sentensi huwa fupi, na pengine huwa ndefu zaidi, lakini huwa na mlango wa chuma ndani yake, au ndoo, au bei.

Mazoea mengine yamebaki pia. Kila ninachoandika nakisoma kwa sauti kabla hakijatoka mikononi mwangu, hata kikiwa barua ya maombi ya kibali. Na kila ninaponukuu maneno ya mtu aliyenisimulia maisha yake, namsomea kwanza, kwa sababu namkumbuka Bibi. Wapo wahariri wanaoona tabia hiyo ni ya kupoteza muda, na sijakubaliana nao.

Ninafahamu kwa nini walimu wengi hawatoi kazi ya namna ile. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, beti hamsini kwa kila kichwa ni mzigo ambao hakuna mwalimu anayeweza kuusahihisha mara moja, achilia mbali kuurudisha na kuupokea tena. Mwalimu wetu alikuwa na njia yake: alipokea beti kumi kumi, kila Ijumaa kundi moja la wanafunzi, na hakusahihisha kila kosa, alihesabu mizani zisizo na mzigo, akaandika lile swali lake, akarudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuendelea na kumi za pili kabla ya kupitishwa za kwanza. Wengine hawakufika hamsini, na hakuwakata alama kwa hilo mradi zile walizozifikisha zimekaa sawa. Kwa hiyo mwalimu yeyote wa Kiswahili anayesoma hapa na ambaye anaiogopa idadi, ningemwomba aanze na beti kumi tu, kuhusu kitu kimoja kilichopo mtaani kwa mwanafunzi wake, na azirudishe zaidi ya mara moja.